Mikono ya Mke wa Askari

Mume wangu alikwenda Kandahar majira ya baridi. Mimi nikabaki huku ughaibuni, ghorofa ya kumi na mbili, Barabara ya Dixon, na binti yangu ambaye nikimwita kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza. Mume alikuwa askari wa akiba. Siku za kawaida alikuwa fundi wa malori, na jeshini walimpa kazi hiyohiyo. Hakwenda kumpiga Mwislamu mwenzake risasi. Nalisema hili mapema kwa sababu wakati ule hakuna aliyetaka kulisikia.

Majina sitaji, lakini waliotenda watajijua. Wa kwanza ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Nilimwomba anyamaze, yeye akasimama mlangoni mwa msikiti baada ya swala akajigamba kwamba kaka yake yuko vitani. Wa pili ni mwenyekiti wa kina mama wa msikiti. Wiki ileile kulikuwa na khitma, nikapika pilau sufuria nzima. Watu walipokwisha kula niliikuta jikoni, mfuniko haujafunuliwa. Nikamuuliza mwenyekiti kulikoni. Akanijibu taratibu, huku anafuta meza.

"Dada, usichukie. Watu wanaona shaka na mkono uliopika."

Basi nikairudisha nyumbani kwa lifti, nimeikumbatia, bado ina moto. Mimi niliishia darasa la saba. Sina cheti, sina Kiingereza cha kujivunia. Kama kuna kitu Mungu alinipa ni mikono, na hiyo ndiyo waliyoikataa.

Jeshi lilikuwa na ofisi ya familia. Mama mmoja wa Kizungu pale, mtu mwema, alinipigia akaniambia nijitolee, mke anayengoja asikae bure. Nilikwenda mara mbili kufunga vifurushi vya soksi na biskuti. Wenzangu walipiga soga, wakicheka nami nacheka, wala sijui kinachochekesha. Mara ya tatu sikwenda.

Aliyenitoa ndani ni mama mmoja mzee wa Kibarawa, mtu wa pwani kama mimi, wa ghorofa ya tisa. Yeye ndiye aliyekuwa akiosha maiti wa kike mtaani kwetu, kwa kujitolea, miaka mingi, na magoti yalikuwa yameanza kumgomea. Asubuhi moja, theluji imefunga barabara, akabisha hodi. Wenzake wawili wamekwama, maiti anangoja, na maziko ni baada ya adhuhuri.

"Umewahi kuosha?" akaniuliza.

"Kwetu Tanga, na bibi yangu. Mara nyingi."

"Haya, vaa buti."

Hakuniambia maiti ni nani. Tulipofika nikamkuta mwenyekiti amesimama kando ya meza ya kuoshea, na aliyelala ni mama yake mzazi. Aliniangalia, kisha akamgeukia yule mzee.

"Huyu?"

"Mwanangu, mama yako anangoja maji. Kama una mwoshaji mwingine mfukoni, mtoe."

Hakuwa naye.

Marehemu alitoka hospitali na plasta za sindano mikononi na kifuani. Mwenyekiti akashika ncha ya moja ili aivute. Nikamzuia mkono. Bibi yangu alinifundisha kwamba maiti anaumia kama aliye hai, usimfanyie usilotaka ufanyiwe. Nikaomba maji ya uvuguvugu na mafuta kidogo, nikalowesha plasta, nikangoja. Ngozi ya mzee ni kama karatasi ya sigara, ukiivuta inakuja yote. Saa zilikuwa zinatukimbia na mwenyekiti anatazama ukutani, lakini nilingoja. Zikatoka moja moja, bila kuacha hata mchubuko.

Hapo tukaosha, upande wa kulia kwanza. Maji ya unga wa majani ya mkunazi, na ya mwisho ya karafuu maiti. Mwenyekiti alimimina, mimi nikaosha. Tulipomaliza kumvika sanda, alinawa kwa muda mrefu, kisha akamwambia yule mzee, "Mwambie awe anakuja."

"Mwambie mwenyewe, ana masikio."

Akageuka. "Utakuwa unakuja?"

"Ukinipigia wewe mwenyewe. Usinitumie mtu."

Alinipigia baada ya wiki tatu. Na miaka yote iliyofuata alipiga yeye, akataja mahali na saa, basi. Mume wangu alirudi mzima wa mwili, lakini mlango ukifungwa kwa nguvu alikuwa anaruka, na kwa muda mrefu nyumba yetu haikuwa na maneno. Niliuvuka wakati ule kwa sababu palikuwa na mahali ninapohitajika. Yule mzee wa Kibarawa alipofariki, tulimuosha mimi na wanawake niliowafundisha.

Shemeji mpaka leo hajakiri kosa. Mwenyekiti hajaniomba radhi, na sitadanganya, sijamsamehe. Mwaka jana, tumemaliza kazi, alinivuta kando akaniambia ameandika wosia. Ameandika kwamba nimuoshe mimi.

Nikamuuliza kama binti zake wanajua. Akasema bado.

"Waambie," nikamwambia. "Wasije wakanizuia mlangoni."