Foleni ya Iwambi

Ackson Mwangoka anakaa Msasani, hapa Tukuyu, na kwa miaka kumi na moja kazi yake imekuwa kupeleka watu uwanja wa ndege wa Songwe. Mwalimu anayekwenda likizo kwao Musoma, ofisa wa halmashauri anayeitwa kikao Dar es Salaam, wote humpigia yeye, kwa sababu hakuwahi kumchelewesha mtu. Kutoka Tukuyu hadi Uyole barabara ni yake mwenyewe. Shida huanzia pale, maana uwanja uko upande wa pili wa jiji, na lazima ukate Mbeya nzima kwa njia ile ile inayobeba malori yote ya Zambia na Kongo: Mwanjelwa, Mafiati, Nzovwe, Iyunga, kisha mteremko wa Iwambi hadi Mbalizi. Ackson aliijua foleni ile kwa saa na kwa siku. Wenzake kijiweni walimwita Rubani, naye jina hilo alilipenda.

Ilikuwa hivyo mpaka mwezi wa tano mwaka jana.

Jumatano moja jioni alipigiwa simu na Belinda, mke wa Hezron Mwaijande. Hezron na Ackson walikulia pamoja Ikuti, wakasoma shule moja ya msingi, kisha Hezron akaendelea na masomo hadi akawa fundi umeme bandarini Dar es Salaam. Belinda alisema mumewe alianguka kazini Jumatatu. Mshipa wa kichwani ulikuwa umepasuka, na tangu siku hiyo hakuwa amefumbua macho. Madaktari walikuwa wamemwambia wazi kwamba ndugu anayetaka kumwona asikawie. Wafanyakazi wenzake walichanga wakamkatia mama yake tiketi ya ndege ya Alhamisi, saa nane na dakika ishirini mchana. Belinda hakuomba kingine. Aliomba mama afikishwe.

Mama huyo anaitwa Sekela. Ana miaka sabini na mmoja, ni mjane, ana migomba na shamba dogo la chai kule Ikuti, na nyonga yake ya kushoto humsumbua akitembea. Jioni ile ile alishuka Tukuyu akafikia Msasani kwa mdogo wake, Jenifer. Ackson alipokwenda kumsalimia alimkuta amekaa ukingoni mwa kiti, kitenge begani, viatu miguuni, begi limeshafungwa. Kabla hata chai haijamiminwa alimwomba waondoke saa ile ile. Alitaka wakalale Mbalizi, karibu na uwanja, hata kama ni kwenye benchi la kanisa. Alisema moyo wake hautatulia mpaka awe ng'ambo ya jiji.

Ackson alicheka. Hakukusudia kumdhihaki, alicheka vile mtu anavyomchekea mama anayeogopa lifti.

"Lala, mama," alimwambia. "Kesho saa nne tunaondoka, saa sita na nusu uko uwanjani. Utasinzia ukiisubiri ndege."

"Ackson, barabara ile ina watu wengi."

"Barabara ile naijua kama chumba changu. Niachie mimi."

Jenifer naye akasema dada yake anahitaji kupumzisha mguu. Sekela aliwatazama wote wawili, akainama taratibu, akaanza kuvua viatu.

Alhamisi waliondoka saa nne kamili. Mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha, ile ya Rungwe isiyokatika. Kiwira walipita bila shida, Isongole vilevile, na saa tano na nusu walikuwa Uyole. Muda wote Sekela alishika mkononi kitambulisho chake cha taifa na karatasi ya tiketi, vimeviringishwa ndani ya mfuko wa nailoni. Mara moja tu aliuliza kama ndege humngoja mtu ikiwa rubani anamwona anakuja. Ackson akamjibu kwamba wao ndio watakaoingoja.

Walipofika Nzovwe malori yalikuwa yamesimama. Ackson hakushtuka, foleni pale ni jambo la kila siku. Alizima gari, akasubiri. Zikapita dakika kumi, kisha ishirini, na lori la mbele yake halikusogea hata urefu wa tairi. Ndipo akaona abiria wa mabasi wanarudi kwa miguu, mizigo kichwani. Alishusha kioo akamuuliza mmoja wao. Yule akasema lori la shaba limelala kiubavu kwenye mteremko wa Iwambi tangu asubuhi, limeziba njia zote mbili, na kreni haijafika.

Ackson alitazama nyuma. Magari yalikuwa yamejipanga hadi upeo wa macho, na mengine yalishachomoka kushika upande wa pili wa barabara, kwa hiyo hata kugeuza hakukuwezekana. Saa ilikuwa sita na dakika arobaini. Aligeuka kumweleza mama, akakuta ameshafungua mkanda.

"Tutembee," Sekela alisema.

Ackson alilisukumiza gari pembeni, mbele ya duka la saruji na mabati, akamwachia mwenye duka ufunguo ingawa hawakujuana. Kisha akamsimamisha bodaboda. Kijana wa bodaboda alisema ipo njia ya kufuata reli halafu kukata mashambani hadi Mbalizi, lakini kwa mvua ile hawezi kuahidi. Wakapanda watatu, Sekela katikati, Ackson nyuma akimshika asidondoke. Mama hakuwahi kupanda pikipiki maishani. Kila walipoingia shimoni, Ackson alisikia pumzi yake ikikatika kwa maumivu ya nyonga, lakini hakulalamika hata kidogo.

Bondeni, kabla ya kufika Mbalizi, pikipiki ilikwama kwenye tope jeusi. Walishuka. Mbele kulikuwa na mfereji uliojaa maji na ubao mmoja mwembamba juu yake. Ackson alichuchumaa, akampandisha Sekela mgongoni kama mtoto, akavuka naye ndani ya maji yanayofika magotini. Upande wa pili alianza kukimbia akiwa bado amembeba. Hakukimbia mbali, alikuwa na miaka arobaini na sita na mgongo wa mtu wa kukaa kwenye usukani. Aliposimama kuhema, alimsikia mama akiomba Mungu kwa Kinyakyusa, sauti ya chini, karibu kabisa na sikio lake.

Kijana aliinasua pikipiki, akawafuata, akawafikisha Mbalizi. Hapo wakapata bajaji. Waliingia jengo la abiria saa nane kasoro dakika tano, tope hadi kiunoni.

Dirisha la kupokelea abiria lilikuwa limefungwa robo saa kabla.

Dada wa shirika la ndege hakuwa mtu mbaya. Aliwasikiliza hadi mwisho, akapiga simu mbili, akarudi akasema majina yameshapelekwa na hana uwezo wa kuyafungua tena. Ackson akamweleza upya, kwa sauti kubwa zaidi, kama vile dada hakusikia mara ya kwanza: mgonjwa, madaktari, mtoto wa pekee wa kiume. Kisha akapiga magoti pale sakafuni mbele ya watu wote. Waliokuwa wamekuja kupokea wageni wakageuza nyuso.

"Inuka," Sekela alimwambia. "Unamwonea binti wa watu."

Walitoka nje. Kupitia uzio waliiona ndege ikijongea, ikageuka mwisho wa njia yake, ikakimbia na kupaa juu ya mashamba ya kahawa, ikaingia mawinguni. Sekela aliifuata kwa macho, kisha akabaki ametazama pale pale ilipopotelea. Mfuko wa nailoni ulikuwa bado mkononi.

Tiketi ilihamishiwa siku ya pili, saa ile ile. Lakini Ackson alipiga hesabu ya saa akaona kuna basi linalotoka Mbeya jioni na kufika Dar es Salaam alfajiri. Mama akakubali papo hapo, nyonga au si nyonga. Wakachukua teksi ya uwanjani kurudi mjini, na hapo ndipo Ackson alipoona ujinga wa mtu aliyechanganyikiwa. Alisahau kwamba lori lile lile lilikuwa bado limelala kati yao na stendi. Kabla ya kuanza kupanda Iwambi, teksi ilisimama katikati ya malori, mbele na nyuma, kulia na kushoto, yote yamewashwa.

Belinda alipiga saa tisa na nusu. Ackson alipokea, akasikiliza, akasema mama yuko hapa. Presha ya Hezron ilikuwa inashuka na madaktari walikuwa wamemwita Belinda asimame karibu. Akasema ataweka simu sikioni mwa mumewe, mama aseme anachotaka kusema, kwa sababu huenda anasikia, hakuna anayejua.

Sekela aliishika simu kwa mikono miwili. Akaanza, akasita. Lori lililokuwa ubavuni lilinguruma kiasi cha kutikisa vioo vya teksi.

"Sijisikii," alisema. "Nikiwa sijisikii mimi, yeye atanisikiaje?"

Ackson alishuka mbio. Aligonga mlango wa lori la kwanza. Dereva alikuwa Mzambia, Kiswahili chake cha kuokoteza, naye Ackson akamwonyesha kwa mikono: zima, kaka, tafadhali zima, mama anamuaga mwanawe kwenye simu. Mzambia alimtazama mama ndani ya teksi, akazima. Ackson akaenda la pili, la tatu, akavuka upande wa pili wa barabara. Wengine walidhani ni kichaa, mtu aliyejaa tope anayelia huku akigonga malori. Dereva mmoja alimtukana kwanza, kisha akaelewa, akazima na kumpigia kelele mwenzake wa nyuma azime pia. Kondakta wa Coaster akakata muziki. Kukawa na kimya kwenye kipande kile cha barabara, mvua tu ikidondoka juu ya mabati ya magari.

Sekela alizungumza kwa Kinyakyusa. Ackson alisimama nje ya mlango akasikia kila neno, kwa kuwa lugha ni yake. Alimwambia mwanawe kwamba yeye yuko njiani, ni barabara tu iliyomkataa. Alimtajia jina la baba yake na la babu yake. Akamwambia migomba ya nyuma ya nyumba imezaa sana mwaka huu. Halafu akasema, "Kama umechoka, baba, usinisubiri. Mimi sitakasirika." Mwisho akamshukuru, "ndaga, ndaga fijo," akaendelea kulirudia neno hilo hata baada ya Belinda kuondoa simu sikioni mwa Hezron.

Hezron alifariki saa kumi na moja na dakika kumi. Foleni ilikuwa haijasogea.

Mwili uliletwa Jumapili kwa ndege. Ackson aliwaomba watu wengine wakaupokee Songwe, yeye akabaki Ikuti na wanaume waliochimba kaburi. Alichimba zaidi ya zamu yake, na wakati wa kuaga alisimama nyuma kabisa. Kwa majuma matatu baadaye hakupokea simu ya abiria yeyote wa uwanja wa ndege. Mkewe, Tulia, ndiye aliyemwambia kwamba kukaa ndani hakutamfufua mtu, na kwamba kama ana neno la kusema, anajua nyumba ya kulipeleka.

Alimkuta Sekela shambani anachuma chai. Alimwamkia, akamwambia amekuja kukiri kosa. Mama hakuacha kuchuma.

"Sema."

Akasema yote. Kwamba wangeondoka Jumatano angemkuta mwanawe hai.

"Lori si lako," Sekela alisema. "Lori nimemwachia Mungu. Lakini nilikuomba, Ackson, nawe ukacheka. Uliona ni woga wa kizee. Hilo ndilo linaloniuma usiku, si lori."

"Ni kweli, mama."

"Najua ni kweli. Nimekuambia ili nisilibebe peke yangu."

Hakusema amemsamehe, na Ackson hakumwuliza. Kikapu kilipojaa Ackson alikipandisha begani, wakashuka pamoja taratibu hadi kituo cha kupimia majani, mama akitangulia kwa mguu wake mbaya. Majani yalipopimwa mama alimpa mkono, akamwambia asalimie nyumbani.

Ackson amerudi kwenye kazi yake, kwa kuwa hana nyingine. Kijiweni amewaomba wasimwite tena Rubani, nao wameacha. Sekela humtumia ndizi Tulia mara kwa mara akipata mtu wa kushuka Tukuyu. Belinda hajapiga simu tena tangu siku ile, na Ackson, ingawa namba yake anayo, hajathubutu kuipiga.