Makufuli Mawili na Harusi Moja

Nimewahi kuona serikali mbili zikifungwa kwa sababu ya bajeti. Ya kwanza ilikuwa ya Marekani, miaka ya tisini, nikiwa bado mwanafunzi, na niliiona kwenye televisheni. Ya pili ilifungwa nyumbani kwetu Maskati, miaka ya elfu mbili, wiki ya harusi yangu mwenyewe, nikiwa nimepakwa liwa, ile sandali ya kusinga mabibi harusi, mwili mzima na nimekatazwa kutoka chumbani.

Ile ya Marekani ilimfurahisha sana Baba. Alikuwa mtumishi wa wizara pale Al Khuwair, mtu wa faili na mihuri, na kwake yeye ofisi kufungwa kwa ugomvi wa matumizi kilikuwa kichekesho kisicho na mfano. Kila jioni alikaa mbele ya taarifa ya habari na bakuli la njugu, akicheka peke yake. "Watu wamefika mwezini," alikuwa akituambia, "kukubaliana tu ndiko kumewashinda!" Aliisimulia hadithi hiyo miaka mingi, kwa kila mgeni aliyekuja kunywa kahawa. Ndiyo maana yalipomfika mwenyewe sikumwonea huruma hata kidogo.

Sisi ni watu tuliotoka Unguja, na kwetu harusi haiendeshwi na wazazi wa bibi harusi. Wazazi kazi yao ni kuhangaika. Waendeshaji ni madada zao. Upande wa Baba alikuwapo Shangazi, dada yake mkubwa, mwanamke mnene wa mwili na wa sauti, ambaye kwake harusi isiyosikika mtaa wa pili haikufungwa. Upande wa Mama alikuwapo Mama Mkubwa, dada yake, mwembamba, aliyekuwa akifunga hata mlango wa jiko akienda kuota jua uani. Michango ya jamaa ilitiwa ndani ya sanduku la bati la kijani lenye makufuli mawili. Ufunguo mmoja anao Shangazi, wa pili anao Mama Mkubwa. Utaratibu huo aliuweka Bibi, mama yake Baba, zamani sana, baada ya harusi moja ambayo sitaitaja kwa kuwa wahusika wangali hai na wana midomo.

Bibi huyo ndiye niliyekuwa nikimwazia mimi kuliko hata bwana harusi, Mungu anisamehe. Tangu alipopigwa picha ya pasipoti na kuiona, alikula yamini hatapigwa tena. "Nimetoka kama mwizi wa kuku," alisema, na kila kamera ilipotokea alijifunika kanga gubigubi. Lakini mimi alinipa ahadi. "Siku ya harusi yako ntakaa ubavuni pako nipigwe. Moja tu. Na wewe usinichekeshe!" Alikuwa ameshazeeka. Ukimshika mkono uliona kila mwaka unazidi kuwa mwepesi. Niliitaka picha ile, na niliitaka sana.

Sasa, wakati huo simu zenye kamera ndiyo kwanza zimeingia Maskati. Harusi ya wanawake wetu, kama mnavyojua, ni mahali ambapo mabuibui yanavuliwa mlangoni na watu wanatoka na nywele, mikono na viuno walivyopewa na Mola wao, na hakuna mwanamume anayetia mguu. Ghafla kila kikoba kikawa kinaweza kuwa na jicho. Yakazuka maneno kwamba kuna mke wa mtu alicheza harusini Alhamisi, Ijumaa shemeji yake akamwona kwenye simu ya fundi gari. Nani alikuwa mke huyo, hakuna aliyejua. Kila aliyesimulia alimweka mtaa asiokaa yeye.

Mama Mkubwa akasimama kidete. Alitaka wanawake wa kukodi mlangoni, wenye meza, vikapu na namba, wapekue kila kikoba. Shangazi naye alitaka kikundi cha taarab cha akina mama, chenye fidla na mpiga dumbaki. Sanduku halikutosha vyote viwili.

"Harusi isiyo na mpaka ni soko la Matrah," alisema Mama Mkubwa. "Kila mtu anaingia, kila mtu anatoka na alichokitaka."

"Watu niwaalike kwa kadi ya dhahabu, kisha niwapekue kama wezi?" alijibu Shangazi. "Wallahi nitasemwa mpaka Dar es Salaam! Na waje wakae kimya wanatazamana? Wamekuja harusini au hospitali?"

"Basi kufuli langu sifungui."

"Na langu mie lina kutu, mwenzangu. Halifunguki."

Hivyo ndivyo serikali yetu ilivyofungwa. Nilisikia yote kupitia mlango wa chumba changu, nimejaa liwa kama andazi lililosahauliwa kwenye unga, na sikuruhusiwa kucheka kwa sababu liwa ikikauka usoni ukicheka inapasuka na somo, yule kungwi anayenisinga, anaanza upya.

Msifikiri ilikuwa ni mzaha. Nyumba ilikuwa imeshajaa jamaa kutoka Sur, Nizwa na Dubai, na chakula cha wiki nzima kilikuwa kinatoka katika sanduku lile lile. Jiko likapoa. Gauni langu likabaki kwa fundi Matrah. Watoto wakalishwa mkate uliopakwa jibini na kusagiwa chipsi za pilipili, asubuhi, mchana na jioni, wakasema hii ndiyo harusi nzuri kuliko zote walizowahi kuhudhuria. Mama, ambaye mmoja kati ya wagomvi ni dada yake na mwingine ni wifi yake, aliona njia ya heshima ni moja tu: alijifunga kitambaa kichwani, akalala, akasema kichwa kinampasuka.

Baba akatoka wizarani akakuta hali hiyo. Kwa mara ya kwanza hakucheka. Alikaa sebuleni akatangaza huduma za lazima ambazo hazitafungwa kwa vyovyote, na atazilipia mwenyewe: gesi, chai, maziwa ya watoto na tambuu ya Bibi. Kisha akaenda kwa Shangazi kumbembeleza, akaambiwa, "Mwambie mwenzangu." Akaenda kwa Mama Mkubwa, akaambiwa, "Mwambie mwenzangu." Alikwenda na kurudi kama tarishi, mpaka akaja kukaa nje ya mlango wangu.

"Mwanangu," aliniambia kwa sauti ndogo, "wale Wamarekani nimewaonea bure."

"Baba, gauni langu."

"Najua."

"Baba, mpiga picha wa Bibi."

"Najua, mwanangu. Najua." Na nikamsikia anashusha pumzi.

Mpiga picha alikuwa dada mmoja Mkenya aliyefanya kazi studio ya picha Ruwi, na tulikuwa tumeshakubaliana naye kabla ya mgogoro. Nilikuwa nahofia naye ataambiwa asije.

Kilichoifungua serikali hakikuwa busara wala maombi. Ilikuwa aibu. Mchana mmoja, nyumba ikinuka mkate mkavu na hasira, tulisikia vigelegele nje. Upande wa bwana harusi wamekuja! Wanawake kumi na kitu, na masinia ya udi, vitenge, marashi na halua, siku moja kabla ya siku tuliyoitarajia, kwa kuwa mama mkwe wangu alikuwa na tabia hiyo na bado anayo. Nasi jikoni hatuna hata kitunguu.

Gomba wewe na nduguyo, gomba na wifi yako, lakini wakwe wakikukuta huna cha kuwapa umekwisha. Nilichungulia kwenye tundu la mlango nikaona mambo ambayo sitayasahau. Shangazi, na mwili wake wote, anakimbia ukumbini huku anachovya mkono kifuani kutafuta ufunguo. Mama Mkubwa anatokea upande wa pili, ufunguo wake ameufunga kwenye pindo la kanga, na fundo limekaza kwa siku zote zile za inda. Halifunguki. Kucha hazifui dafu. Shangazi akapiga magoti, akalishika pindo la kanga la mwenziwe, akalifungua kwa meno.

Wakwe wakaingia wakati huo huo. Walichokiona ni shangazi yangu amemwinamia mama yangu mkubwa magotini. "Mashaallah!" alisema mama mkwe. "Tazameni watu wanavyopendana!"

Baba akatimuliwa atoke na gari akanunue biriani mkahawani Ruwi. Ilipitishiwa mlango wa uani, ikamiminwa katika sufuria zetu, ikatiwa majivu kidogo kwenye matako ya sufuria ili ionekane imepikwa kwa kuni. Mama akapona kichwa papo hapo. Mama mkwe alikula, akalamba vidole, akauliza siri ya biriani ile.

"Mtindi," alisema Shangazi.

"Subira," alisema Mama Mkubwa, kwa pamoja naye.

Jioni ile wakaafikiana. Fedha ziende kwenye taarab, na mpaka ulindwe bila ya gharama: watalinda wao wenyewe. Lakini kwa kuwa Shangazi hakumwamini Mama Mkubwa na wageni wake, wala Mama Mkubwa hakumwamini Shangazi na wake, kila mmoja atapekua wageni wa mwenziwe. Na kitu chochote chenye kamera hakipiti ila wote wawili waridhie. Baba aliposomewa mapatano hayo alisema yamekaa vizuri. Alikuwa amechoka, maskini.

Siku ya harusi, baada ya magharibi, waliketi mlangoni mwa ukumbi kama maafisa wa forodha, dhahabu mpaka viwikoni, vikapu miguuni. Sijawahi kusikia upekuzi kama ule. Watu walifunguliwa vikoba, vibweta vya wanja, hata nepi ya mtoto wa mgeni mmoja wa Shangazi kutoka Sur ilikaguliwa. Vikapu vilijaa simu. Taarab ilipiga, na ilipiga kweli, na simu zikawa zinalia vikapuni nje ya mahadhi.

Mimi nilikuwa nimeshapandishwa jukwaani, nimevaa gauni langu lililokombolewa kwa fundi, hina mpaka viwiko, natazama mlango. Nikamwona mpiga picha amefika. Nikamwona anazuiwa.

"Mama, mimi ndio nimetumwa na studio," alikuwa akisema. "Mmeniita nyinyi wenyewe. Hii kamera ndio kazi yangu!"

"Mimi sina neno," alisema Shangazi kwa upole mkubwa, "kama mwenzangu ameridhia."

"Akitangulia kuridhia yeye," alisema Mama Mkubwa, kwa upole kumshinda, "mimi ni nani nikatae?"

Hakuna aliyetangulia. Kila mmoja aliona akisema ndiyo mwanzo, ameshindwa. Somo wangu akatumwa akasema bibi harusi anaomba, akajibiwa salamu zimefika. Kamera ikatiwa kikapuni pamoja na mataa yake, na mpiga picha akaletewa kiti na sahani ya biriani, akala, akaongezwa, akaongezwa tena. Ukarimu hatukuukosa. Picha ndiyo tuliyoikosa.

Nililia. Nasema wazi, nililia jukwaani mbele ya watu, wanja ukanishuka, na wakwe wakasema bibi harusi ana haya, mashaallah. Sikuwa na haya. Nilikuwa na hasira, na huzuni, kwa sababu Bibi alikuwa anapanda ngazi za jukwaa amevaa kanga mpya na ameshikwa mkono, anakuja kutimiza ahadi.

Akakaa ubavuni pangu. "Mbona walia?"

"Bibi, mpiga picha hawajamruhusu."

Akanitazama, kisha akatazama mlangoni, akasonya. "Mie nimekuahidi. Sijakuahidi kwa ruhusa ya hao." Na akatia mkono ndani ya kanga yake, akatoa simu ya Baba.

"Babaako kanambia nibonye hapa," alisema. "Kaa vizuri. Usicheke!"

Kanga ilikuwa inamteleza begani, nikanyoosha mkono kumwekea sawa. Akaiinua simu kwa mikono miwili, akafumba jicho moja, akabana midomo kama anayetunga uzi kwenye sindano. Akabonya. Akairudisha kifuani na kusema tayari.

Kesho yake Baba alituita sote sebuleni kuitazama. Bibi alikuwa ameishika simu kinyumenyume, kamera inamtazama yeye. Kioo kizima kilikuwa uso wake: jicho moja wazi, kipini, midomo imebanwa. Chini pembeni kulikuwa na mkono wangu wenye hina, umeshika kanga yake.

Nyumba ilicheka mpaka majirani wakabisha hodi. Isipokuwa wawili.

"Nani alipitisha simu?" aliuliza Shangazi.

"Yule ni mama yako," alisema Mama Mkubwa.

"Naam, ni mama yangu, kwa hiyo wa kumpekua ulikuwa wewe!"

Waliendelea na hoja hiyo mpaka mwaka uliofuata. Bibi aliishika simu, akaisogeza mbali, akaileta karibu, akaitazama kwa muda mrefu. "Jamani," alisema, "mbona bibi harusi kizee hivi?" Kisha akasema, "Lakini si mwizi wa kuku."

Hatunaye tena. Baba aliipeleka picha ile kwa yule dada wa studio, akaikuza bila ya kutaka malipo, na ingawa imejaa chengachenga iko sebuleni kwangu mpaka leo. Wageni wakiniomba picha ya harusi yangu nawaonyesha hiyo. Huuliza bibi harusi yuko wapi. Nawaambia watazame chini pembeni, mkono ule ni wangu, ndio uliokuwa umemshika.