Mtu Mmoja, Ameketi Kando ya Ziwa

Kazi yangu pale hotelini Garhoud, Dubai, ilikuwa kusimama kwa saa kumi na mbili mbele ya mlima. Ulikuwa ndani ya picha ya ukumbini, kubwa kuliko ukuta wa chumba tulicholala walinzi sita: mawingu yenye hasira, ziwa lililotulia, maporomoko ya maji, na jua likiangaza kutoka pande mbili kwa wakati mmoja. Mimi nimezaliwa Nyandarua, penye milima ya kweli, na sijawahi kuona jua likifanya mambo hayo. Kibao cha chini kilieleza kwamba ni nakala ya mchoro wa Kimarekani wa karne ya kumi na tisa. Wachoraji wa wakati ule walipanda milimani wakati wa joto, wakachora vipande vipande, kisha wakarudi mjini kuunganisha kilele cha huku na maporomoko ya kule, ili mtazamaji aone ukuu wa Mungu. Kwa ufupi, walitia chumvi.

Hakuna aliyekuja kuiba mlima. Lakini kitabu cha matukio kilitaka tuandike jambo kila saa, na nilikuwa nimeandika "hali ni shwari" hadi nikaichukia kalamu. Ndipo asubuhi moja nikamwona: mtu mdogo kama punje ya mchele, ameketi juu ya jiwe kando ya ziwa, ameupa ukumbi mgongo. Miaka miwili mbele yangu na hatujajuana! Nikaandika: "Saa nne na dakika kumi. Mtu mmoja, ameketi kando ya ziwa. Hana kitambulisho."

Ulikuwa utani wa mtu aliyechoka. Nilikuwa nimebakisha siku mbili niende likizo, nikamwone binti yangu niliyemwacha akiwa na miezi minne. Simu za video za mtandaoni zilizuiwa kule, kwa hiyo nilimtumia picha zangu tu.

Jioni, Mtanzania aliyekuja kunipokea zamu alisoma ukurasa mara mbili, akaweka kalamu chini.

"Samahani kaka, hapa sitii sahihi. Huyu mtu kaingia, hajatoka."

"Ni wa kwa picha, bro. Si uangalie."

Akaangalia kwa makini. "Nimemwona. Ndiyo maana sitii sahihi."

Kampuni yetu ilikuwa na sheria: anayeingia kitabuni sharti atoke kitabuni, na mlinzi mwenye mtu ambaye hajatoka haendi popote. Kufuta kulikuwa kosa kubwa zaidi. Kesho yake akaja msimamizi wetu, Mkenya mwenzangu aliyewahi kuwa askari wa chifu, na faili kwapani.

"Huyu jamaa aliingilia mlango gani?"

"Afande, ni rangi tu."

"Nimekuuliza mlango."

"Hakuna mlango, afande. Hata hiyo place haiko. Waliunganisha."

"So kuna intruder kwa place haiko?" Akaliandika na hilo. "Leave khalas, imeisha, mpaka atoke."

Nikaandika kwamba ametoka. Akataka ushahidi wa kamera. Tuliketi saa mbili nzima tukitazama ukuta kwenye skrini: mlima hautikisiki, mtu hainuki. "Bado yuko," akasema. Hapo nikaogopa kikweli. Nilimwambia kwamba ndege yangu ni kesho, na kwamba mtoto wangu hanijui. Sikuona aibu.

Akaenda kusimama mbele ya picha, kofia mkononi, muda mrefu kuliko ukaguzi wowote aliowahi kutufanyia.

"Amekaa hapo since when?"

"Karne ya kumi na tisa, afande."

"Na hajapewa leave?"

"Bado, afande."

Akachukua kalamu, akaandika mwenyewe: "Mtu huyu ni wa hapa. Asisumbuliwe." Akatia sahihi. "Yalla, enda upange mzigo."

Nilifika nyumbani mchana, na mwanasesere kwapani. Mke wangu akamsukuma binti yetu mbele. "Msalimie baba."

Mtoto akanikagua kutoka viatuni hadi kichwani, kama mlinzi anayeijua kazi yake, kisha akajificha nyuma ya sketi ya mamake. Ukutani palikuwa na picha yangu kwenye fremu, nimevaa sare, mdogo, chini ya ghorofa isiyokwisha. Akainyooshea kidole.

"Si huyu," akasema. "Baba yuko pale."