Kidole Gumba cha Mzee Miba

Watu wengi wakimwona mnyama mwenye miba husema nungunungu, wakaendelea na safari zao. Mzee Miba hakuwavumilia watu hao hata kidogo. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mpanga picha katika hifadhi ya filamu za wanyama. Mafundi walichapisha picha moja moja kutoka kwenye mikanda, naye akaandika nyuma yake ni mnyama gani. Kazi yenyewe hasa ilikuwa kutenganisha wanyama wawili wenye miba, kalunguyeye na nungunungu. Kalunguyeye huenea kiganjani, nungunungu hulingana na mbwa. Lakini kamera ikisogea karibu, yule wa kiganjani hujaza picha nzima kama bwana mkubwa. Tena mtoto wa nungunungu ana miba mifupi, na hapo ndipo wasomi na vyeti vyao huchemsha. Mzee Miba hakuchemsha. Alitazama pua, akapima ukubwa kwa jani lililoota kando, kisha akaandika kwa kukandamiza kalamu hadi herufi zikazama kwenye karatasi.

"Mzee, unaandika au unalima?" wenzake walimtania.

Alilima kweli, na kulima huko kulikuja kumfaa. Miaka miwili iliyopita doa la kijivu lilianza kukaa katikati ya kila alichokitazama. Pembeni aliona, katikati ukungu mtupu. Daktari hakuzunguka mbuyu: ugonjwa huu hauna dawa, na doa litakua. Mzee Miba akaikunja karatasi ya daktari, akaisokomeza ndani ya kiatu kikuukuu, akaenda kazini. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Picha za zamani zilizoletwa kupangwa upya alizigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya maandishi yake mwenyewe, kisha akatangaza kwa sauti ya bingwa, "Kalunguyeye!" Picha mpya alizisukuma chini ya rundo. Mtu mzima na akili zake! Lakini hofu ya kukosa kazi ilikuwa imemkaba, na nje ya kazi ile hakujua yeye ni nani.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Rundo lilikua hadi likaonekana mlangoni, na mkuu wa idara akamwita ofisini. Mwanamke huyu alifundishwa kazi na Mzee Miba mwenyewe, na mpaka leo alimwita baba. Mezani alikuwa amepanga picha arobaini.

"Baba, wakubwa wanasema kazi imelala. Nimekuombea nafasi. Zitenganishe hizi tu: huku kalunguyeye, huku watoto wa nungunungu. Ukizipatia, hakuna atakayekugusa."

Mzee Miba alichukua ya kwanza, akaigeuza. Kidole gumba kikateleza. Zilikuwa zimechapishwa upya asubuhi hiyo, laini mgongoni kama sahani, na kingo zimekatwa, hakuna jani wala jiwe la kupimia. Siku za mwizi ni arobaini, na picha nazo zilikuwa arobaini. Alizigawa kwa kubahatisha, mikono ikijifanya inajua.

Mkuu alihesabu, kisha akahesabu tena.

"Umepata kumi na tisa, baba."

"Majibu hayo katoa nani?" Mzee Miba alifoka.

"Wewe. Nimeyanakili kutoka nyuma ya picha zako za zamani."

Halafu yule mwanamke akasogeza kiti, akapunguza sauti. "Labda ni wakati ule ndipo ulipokosea. Sema hivyo tu, baba. Nitaandika kwamba maandishi ya zamani yana makosa, ubaki na meza yako."

Mzee Miba alitamani kulisema neno hilo, jamani. Alifungua hata mdomo. Lakini akilisema, kesho watatilia shaka kila picha aliyowahi kuiandika, na makabati yote ya picha zake yataishia jalalani.

"Maandishi hayana kosa," alisema. "Mimi ndiye sioni, mwanangu. Huu mwaka wa pili."

Mkuu akalia. Mzee Miba hata machozi hayakumjia. Kabla ya saa sita mchana alikuwa barabarani na kikombe chake na sweta lake, akitembea kwa kufuata ukingo wa ukuta.

Nyumbani mkewe alikuwa chumbani anapiga pasi. Sebuleni zilining'inia picha mbili za kimo kimoja, za watoto wao wawili walipokuwa wachanga. Yule mdogo sasa ni mtu mzima, anaishi mbali. Mkubwa alifariki ana miaka minne, na hakuacha picha nyingine. Mzee Miba alizitungua, akazitoa kwenye fremu zake. Akazileta puani, akazipeleka kando ya jicho. Nyuso zote mbili zilikuwa doa lile lile. Akazigeuza, akapitisha kidole gumba nyuma ya hii, akapitisha nyuma ya ile. Wanyama wa porini aliwaandika kwa maelfu. Hizi hakuziandika, maana ni mzazi gani angedhani iko siku hatamjua mwanawe?

"Mbona umerudi mapema?" mkewe aliuliza mlangoni. "Unatafuta nini huko nyuma ya picha?"

Akamnyooshea zote mbili.

"Mama watoto, yupi hapa ni marehemu wetu?"