Pumzi Iliyopata Tuzo

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari hapa Same mjini, na nyumbani kwangu nina kabati lililojaa muziki ambao hakuna mtu ninayemjua anayeupenda. Ni muziki wa klasiki, lakini si ule wa zamani unaopigwa kwenye harusi za wakubwa. Huu umetungwa na watu ambao bado wako hai, na ninachokusanya mimi ni rekodi za zile tungo zilizopata tuzo huko nje. Kinanda kinagongwa kwa ngumi, fidla zinakwaruzwa mpaka meno yanaingia ganzi, kinafuata kimya kirefu, halafu mtu mmoja anaimba neno lisilo na maana.

Ilianza kwa bahati tu. Nilinunua redio ya mtumba Moshi, ile ya kucheza sidii, na ndani yake nikakuta sidii iliyosahauliwa na mwenyewe. Niliiwasha nikitegemea kwaya au rumba, nikasikia kitu kama mabati yanayoburutwa. Nikazima. Kesho yake nikaiwasha tena, na sijui kilichonipata, maana nilisimama pale jikoni nimeshika kitunguu na kisu mpaka ikaisha. Nilipoitafuta mtandaoni nikakuta imepewa tuzo kubwa. Hapo nikapata pa kujificha. Nikajiambia, kumbe si mimi peke yangu, kuna na majaji. Tangu hapo, tuzo zikitangazwa, mimi natafuta rekodi. Nyingine nazishusha kwenye simu, nyingine rafiki yangu aliyeko ng'ambo hunitumia kwa posta.

Aibu ilikuwapo tangu mwanzo. Jirani akiniuliza dirishani, "Mwalimu, redio imekufa?" namjibu, "Ndiyo, naitengeneza." Mke wangu anajua kila kitu, na muziki wangu huuita makelele yenye cheti. Kanisani naimba besi, watu wananiita mtu wa muziki, na mimi hucheka kidogo na kuangalia pembeni.

Na kwa sifa hiyo ya mtu wa muziki, baba yangu mdogo alipofariki, nilipewa kazi ya kusimamia spika.

Baba mdogo alikuwa mkulima huko milimani, karibu na Mhezi. Aliugua kifua muda mrefu. Miezi ya mwisho ungeweza kumsikia akipumua ukiwa bado uani hujabisha hodi: pumzi nzito, yenye majimaji, na filimbi nyembamba mwishoni. Mama mdogo, mkewe, alimuuguza peke yake. Aliniambia siku moja kwamba amezoea kulala na sauti ile, na kinachomwamsha ni pale inaponyamaza.

Siku ya mazishi jeneza liliwekwa sebuleni, na mama mdogo akakaa chini kwenye godoro, amezungukwa na wanawake. Nje kulikuwa na turubai na viti vya plastiki. Kwaya ilikuwa bado njiani na mchungaji hajafika, kwa hiyo mwenyekiti wa msiba akaniambia, "Mwalimu, tuwekee zile nyimbo za taratibu." Spika niliiweka kwenye dirisha la sebule ili walioko ndani na nje wasikie. Nikachomeka waya kwenye simu yangu, nikachagua nyimbo za kanisani, nikailaza simu pale dirishani. Kisha nikaenda kupokea ndugu zetu waliopanda kutoka Makanya, maana walikuja na viti vya ziada na hapakuwa na watu wa kuvishusha.

Sikukumbuka kwamba simu yangu, ikimaliza nyimbo nilizochagua, huendelea na inayofuata. Iliyofuata ilikuwa rekodi niliyoishusha wiki ileile kwa sababu ilikuwa imeshinda. Nilikuwa sijaisikiliza. Leo najua kwamba mwanzo wake hauna chombo chochote. Ni mwanamume anapumua, basi.

Nilikuwa na viti begani niliposikia uwanja umenyamaza. Watu waliacha kuongea mmojammoja, wakageukia dirishani. Kisha nikaisikia na mimi. Pumzi nzito, yenye majimaji. Ikapanda, ikasita, ikashuka. Ikarudi.

Ndani ya nyumba mama mdogo akapiga kelele, "Anapumua! Jamani, mfungueni! Anapumua!"

Nilidondosha viti, nikakimbilia dirishani. Wengine walikimbilia migombani, wengine walikimbilia mlangoni, na mlango ukaziba. Kupitia dirishani nilimwona mama mdogo amelala juu ya jeneza kwa kifua chake, na mtoto wake wa kwanza, mtu mzima mwenye familia, anahangaika na kifuniko. "Baba, subiri," alikuwa akisema. "Baba, subiri, tunakuja."

Nikaushika waya, nikauvuta.

Pumzi ikakatika, na mama mdogo akaisikia ilivyokatika. Alinyanyua kichwa, akasikiliza. Hakuna aliyesogea mle ndani.

"Amekata tena," akasema, kwa sauti ndogo sana.

"Ni simu yangu," nikasema dirishani. Hawakunisikia, au hawakuelewa. Nikarudia. "Ni simu yangu, mama. Ni muziki."

Akanigeukia. "Muziki?"

Alilitamka neno lile kana kwamba ndiyo mara ya kwanza analisikia. Wanawake walimshika wakamrudisha kwenye godoro, mwanawe akaondoa mikono kwenye kifuniko na kuifuta kwenye suruali, ingawa haikuwa na kitu.

Mchungaji alikuja, kwaya ikaimba, tukazika. Mimi nilisimama nyuma kabisa na sikufungua mdomo. Baada ya chakula wazee wa ukoo waliniita. Baba mkubwa, ambaye ndiye mkubwa wetu sasa, hakuwa mkali.

"Hebu tueleze," alisema. "Ule ni muziki gani?"

"Ni muziki wa kisasa, baba. Ulipata tuzo."

Mpaka leo sijui kwa nini nilisema hivyo. Kati ya maneno yote niliyoweza kusema pale, nilitoa lile.

"Tuzo ya nini?"

"Ya utunzi."

Baba mkubwa akawageukia wenzake, wakaanza kujadili nani atabaki na mjane wiki ile. Wangenigombeza ningeshukuru.

Habari iliteremka mlimani kabla yangu. Shuleni, nikigeukia ubao, nilisikia mwanafunzi mmoja nyuma anapumua kwa nguvu, halafu darasa zima likizuia kicheko. Sikugeuka. Ningegeuka ningesema nini? Nyumbani nilitoa sidii zote kabatini nikazirundika uani ili nizichome, na mke wangu akatoka jikoni.

"Rudisha ndani," akasema. "Ukichoma, watasema ulikuwa na jambo."

"Si bora waseme?"

"Mimi ndiye nitakayekutana nao sokoni. Rudisha."

Nikarudisha.

Ilipita muda mrefu kabla sijapanda tena kwenda kumwona mama mdogo. Kila Jumamosi nilipata sababu. Hatimaye nilikwenda, nikamkuta uani anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea."

Nilikaa. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi njia nzima, na nilipoanza kuyasema akanikata.

"Yule mtu kwenye simu yako. Alikuwa mgonjwa?"

"Hapana, mama. Ni mwimbaji. Alikuwa anaigiza."

Alichambua kidogo, akatupa jiwe dogo pembeni. "Basi alimuuguza nani, mpaka akajua vile?"

Sikujua. Nilikuwa nimesoma jinsi majaji walivyousifu utunzi ule, lakini swali hilo halikuwahi kunijia.

"Mimi nilifurahi," akasema. "Nakwambia ukweli. Ile dakika nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Halafu nikawaona watu wote wamenitolea macho, mtu mzima nimelala juu ya sanduku, khanga imenivuka. Mpaka leo nikienda kanisani nakaa karibu na mlango. Naona aibu."

Muda wote ule nilidhani aibu ni yangu peke yangu. Nilikuwa nimeibeba kama mali yangu, nikijihurumia, na kumbe yeye alikuwa na yake, kubwa zaidi, tena niliyompa mimi. Nikasema, "Mama, aliyekosea ni mimi. Wewe hukufanya lolote baya."

"Najua," akasema. "Lakini ndivyo ninavyoona."

Akatupa jiwe jingine. Kisha akasema, "Ile usiipige tena hapa kwetu."

"Sitaipiga."

"Hata nikikuomba. Kuna siku naweza kukuomba."

Nikaahidi. Akaingia jikoni, akarudi na chai ya tangawizi, akanimiminia kwanza mimi, halafu akajimiminia. Tulikunywa tumekaa bega kwa bega tukiangalia shamba, na hakuna aliyemwangalia mwenzake usoni.