Siku Niliyopiga Gitaa kwa Mabuti ya Mpira

Cheka tu, mimi nimeshazoea. Ukishuka stendi ya Kasulu ukamuuliza mwendesha bodaboda yeyote wa Heru Juu habari za "yule msomi wa mabuti," atakuleta mpaka mlangoni kwetu bila kuuliza njia. Ndiyo maana naona bora niisimulie mwenyewe, kwa sababu watu wa Heru Juu wakiisimulia wao wanaongeza chumvi (wanasema nilikuwa natoa cheche puani, na mimi sikutoa cheche popote).

Ilikuwa mwaka 2013. Nilikuwa nimemaliza chuo Dodoma na kukaa nyumbani mwaka mzima nasubiri ajira, na mtu wa aina yangu ukimwacha mwaka mzima bila kazi anabaki kufikiri tu. Mimi nafikiri mpaka nachoka. Nikivuka barabara naangalia kulia, naangalia kushoto, halafu naanza kujiuliza kama pale nilipoangalia kulia niliangalia vizuri. Kitu pekee nilichokuwa nafanya bila kufikiri ni kupiga gitaa, na mtu niliyekuwa namfikiria kuliko ajira yenyewe ni Yustina.

Yustina alikuwa anafundisha watoto wa chekechea huko kwao Heru Juu. Baba yake, Mzee Zabroni, ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa maneno machache na kofia ya pama, na alikuwa hajawahi kuniona, ila alikuwa ameshasikia kwamba binti yake ana mazoea na kijana wa mjini asiye na kazi. Sasa kaka yake Yustina akawa anaoa, na Yustina akanipangia mambo.

"Wewe njoo upige muziki," akaniambia. "Baba akikuona unafanya kitu kikaeleweka, mwezi ujao unaleta mshenga. Usipokuja, mimi sitakuwa na la kumwambia."

Nikakubali haraka haraka, na nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba gitaa langu ni la umeme na halina amplifaya. Kanisani nilikuwa napigia kwenye spika za kwaya, na kwaya haiazimishi spika zake kwa harusi yenye pombe.

Edson, rafiki yangu anayepiga kinanda, alisikia kwamba Kibondo kuna mzee anauza amplifaya ya zamani kwa bei ya mbuzi mdogo. Nikapanda basi asubuhi, nikafika Kibondo nimekuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kope. Mzee mwenyewe anaitwa Deo, alikuja kutoka Burundi akiwa kijana, akapiga besi kwenye bendi miaka hiyo, sasa ni raia na anauza maharage sokoni. Akanipeleka nyuma ya nyumba yake, akaniambia, "Hii hapa, mwana wanje. Ukiiwasha hii, hata aliyelala Kakonko anaamka."

Nikaangalia. Lilikuwa sanduku zito la mbao lililofunikwa ngozi ya plastiki iliyobanduka, kitambaa cha mbele kimetoboka, na nyuma, mahali ambapo pangekuwa na kifuniko, amekaa kuku.

"Mzee, kuna kuku ndani."

"Ego, ndiyo, anaatamia. Lakini kuku siuzi."

Mtu mwenye akili angeondoka. Mimi nilisubiri saa nzima huku Mzee Deo akimhamisha kuku pamoja na mayai yake tisa kwenye kikapu, yai moja moja, akimwomba radhi kwa Kirundi. Kisha nikapanda basi la kurudi na sanduku langu, linanuka banda.

Kasulu nikalipeleka kwa Fundi Shabani, anayetengeneza redio pale sokoni. Wazee wake walitoka Ujiji, kwa hiyo anaongea taratibu kama mtu anayemimina chai. Akatoa manyoya, akatoa maganda ya mayai, akabadilisha waya zilizoliwa na panya, akaziunga kwa kuchoma risasi hapa na pale, halafu akaiwasha. Zile taa za kioo za ndani, ambazo yeye anaziita vali, zikaanza kuwaka taratibu rangi ya chungwa, na duka zima likanukia kuku wa kuchoma. Nikagusa uzi mmoja wa gitaa na sauti iliyotoka, ndugu zangu, ilikuwa nene, ina joto, inakaa kifuani. Muuza dagaa wa jirani alikuja kuona.

Furaha ilidumu mpaka jioni. Nyumbani nilikuwa peku kwenye sakafu ya saruji, nimeshika gitaa, nikasogeza mdomo kwenye maiki ili niimbe, nikapigwa shoti ya midomo iliyonikalisha chini. Kesho yake asubuhi nilikuwa kwa Fundi Shabani kabla hajafungua.

"Bwana mdogo, hiki ni chombo cha zamani," akasema. "Umeme unavuja kidogo kwenye bodi, na bodi imeungana na nyuzi za gitaa lako. Hauui, lakini unakumbusha. Dawa yake nyepesi. Chukua kipande cha nondo, kipigilie ardhini, kimwagie maji, uunganishe na huu waya wa kijani. Umeme unaovuja unateremka ardhini, nawe unapiga raha mustarehe."

Nikafanya hivyo nyuma ya nyumba yetu, na kweli shoti ikaisha. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye heshima zake leo.

Tatizo lilianza usiku wa kuamkia harusi, nilipolala nikaanza kuiona ile nondo. Nikajiona nimevaa suti, nimechuchumaa katikati ya turubai lililopambwa, nagonga chuma ardhini, ko, ko, ko, wageni wamenyamaza wananitazama, na Mzee Zabroni anamuuliza mtu wa pembeni, "Huyu ndiye fundi wa mahema?" Halafu nitaazima nyundo kwa nani? Na nikiikosa? Na nikigonga bomba la maji? (Heru Juu wakati huo sidhani kama kulikuwa na bomba la kugonga, lakini kwa saa kama hizo mimi sichagui.) Kulipokaribia kupambazuka nikapata jibu lililoonekana kuwa la kisomi kabisa: umeme haupiti kwenye mpira. Mama ana mabuti ya mpira ya kuingilia zizini. Nikivaa mabuti sihitaji nondo. Suruali itayafunika.

Suruali haikuyafunika. Ilikaa juu ya mabuti kama kofia juu ya chungu, na nikitembea yanalia fwap, fwap. Edson aliponiona akaniuliza, "Tunakwenda kupiga muziki au kukamua?" Nikamwambia kuna matope. Na kweli kulikuwa na matope kidogo, mvua ilinyesha asubuhi, kwa hiyo sikuwa nimedanganya moja kwa moja. Nondo na waya wa kijani nilivibeba kwenye begi la gitaa, kwa tahadhari (mimi huwa nabeba kila kitu kwa tahadhari).

Tulifika Heru Juu, tukavuta umeme kwa waya mrefu kutoka nyumba ya jirani, tukafunga vyombo kwenye majani mabichi chini ya turubai. Yustina alinipita na sinia la soda, akaangalia miguu yangu, akaniangalia usoni, akaendelea na soda zake.

Lakini muziki, jamani, ulikubali. Lile sanduku la Mzee Deo liliimba. Kina mama wakavua viatu wakaingia kucheza, na nikamwona Mzee Zabroni pale meza kuu anagonga kidole kwenye glasi kwa mapigo sahihi kabisa. Hapo ndipo MC akasema, "Huyu kijana anapiga hivi halafu hamumtunzi?"

Nilikuwa nimewaza mambo mia mbili usiku ule, na kutunzwa hakukuwa ndani yake.

Wa kwanza alikuja shangazi wa bwana harusi, Mama Domina, mwanamke mkubwa mwenye furaha, anacheza peku kwenye majani yenye maji, ameinua noti juu. Akaja mpaka kwangu, akaibandika kwenye paji la uso wangu lililolowa jasho, akaruka. Aliruka juu, kwa mtu wa umbo lile, mpaka nikashangaa, akapiga "yuuu" moja ndefu na kukimbilia kwa wenzake akiutikisa mkono. Watu wakapiga makofi. Mimi nilisikia kitu kinanichoma kwenye paji la uso, lakini kwa sababu siku zote nikiwa mbele ya watu nasikia vitu vinanichoma, nikajua ni wasiwasi wangu wa kawaida.

Wa pili akabandika, akaruka. Wa tatu akabandika, akaruka na kupiga yowe.

"Mnaona mambo ya mjini?" MC akasema kwenye maiki. "Ukitunza, unaruka. Twende kwa foleni."

Foleni ikapangwa. Waliokuwa nyuma wakawa wanaruka kabla hata hawajanifikia, kwa mazoezi. Edson akaniinamia, "Unawafanya nini hawa?" Nikamjibu kwamba nadhani wanaupenda wimbo. Naapa ndivyo nilivyodhani. Nilikuwa nimesimama juu ya mpira, nyuzi za gitaa mikononi, umeme umenijaa mwili mzima ukitafuta mlango wa kutokea, na kila aliyenigusa akawa ndiye mlango.

Kisha foleni ikafunguka katikati. Mzee Zabroni alikuwa anakuja. Alikuwa ametoka kunawa, mikono bado inadondosha maji, fimbo kwapani, na Yustina nyuma yake anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aone mabuti. Mzee hakuleta noti. Alileta salamu, ile ya kwetu ya kushikana mkono kwa mikono miwili na kukaa hapo hapo mpaka muulizane habari za nyumba nzima. Nikaachia nyuzi kwa mkono wa kulia nimpe, wa kushoto ukabaki kwenye gitaa.

"Kijana," akasema, "unapiga vi..."

Hakumaliza. Alikaa chini. Kofia ya pama ikaruka ikatua mapajani mwa bibi harusi. Muziki ukakatika, na Mama Domina akasema taratibu, "Mimi nilijua. Huyo ana dawa."

"Dawa ya nini?" mwingine akauliza.

"Sijui ya nini. Lakini angalieni miguuni. Mtu gani anakuja harusini na mabuti?"

Watu mia mbili wakaangalia miguu yangu. Kwa mara ya kwanza siku ile nikaongea bila kufikiri.

"Si dawa. Ni umeme. Amplifaya inavuja umeme, fundi aliniambia, ndiyo maana nikavaa mabuti."

Niliona nimejieleza vizuri. Mzee Zabroni, akiwa bado amekaa kwenye majani, akaniangalia kama alivyokuwa akiwaangalia wanafunzi kwa miaka thelathini.

"Kwa hiyo ulijua."

"Ndiyo, mzee."

"Ukavaa mabuti."

"Ndiyo, mzee."

"Na sisi?"

Ule usiku mzima wa kuwaza, nondo, nyundo, bomba, aibu, hakukuwa na hata wazo moja lenye mtu mwingine ndani yake. Nikamtazama Yustina, naye akatazama pembeni, na hapo nikajua kwamba mshenga wangu anaweza akabaki nyumbani.

"Fundi alisema dawa yake nini?" mzee akauliza.

"Nondo, mzee. Inapigiliwa ardhini, inamwagiwa maji."

"Itapatikana wapi nondo sasa?"

"Iko kwenye begi," nikasema.

Hata bibi harusi aliguna.

"Umekuja nayo? Kwa nini hukuipigilia?"

"Niliona aibu, mzee. Kugonga nondo mbele za watu, na suti."

Akayaangalia mabuti yangu kwa muda mrefu. "Ukaona hayo ndiyo hayana aibu."

Turubai zima likacheka, na nilimshukuru Mungu kwa kicheko kile, kwa sababu mtu anayechekwa bado hajafukuzwa. Edson akazima umeme. Nyundo haikuwepo, nikachukua jiwe, nikachuchumaa katikati ya harusi na suti yangu na kugonga nondo, ko, ko, ko, vilevile kama nilivyojiona usiku. Mzee Zabroni aliinuka akaja kuishika isipinde. Mama Domina alileta jagi la maji ya kunawia, akamwaga kwa mbali.

Nikafunga waya wa kijani. Kisha nikavua mabuti (soksi moja ilikuwa na tundu, maana siku ikiharibika huwa inamalizia kazi), nikavua na soksi, nikasimama peku kwenye majani yenye maji, nikamwambia Edson awashe, nikashika nyuzi zote sita kwa mkono mzima.

Hakuna shoti. Mzee Zabroni akanyoosha kidole kimoja, akanigusa kwenye paji la uso haraka haraka kama mtu anayepima pasi. Akagusa tena, taratibu.

"Piga," akasema.

Nilipiga mpaka jua likashuka, miguu imekuwa kama barafu. Waliotunza baada ya hapo walirusha noti kutoka mbali, na Mama Domina alituma mtu.

Tangu siku ile niliapa: nikijua kitu kina hatari, nakisema kwanza kwa sauti, aibu itanikuta mbele ya safari. Na mabuti nayavaa zizini tu.

Mshenga nilimtuma mwezi uliofuata kama tulivyopanga, ingawa nilidhani atafukuzwa. Alirudi na karatasi ya mahari, imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa mwalimu mkuu mstaafu: ng'ombe, blanketi la bibi, koti la baba, vitenge vya mama. Na pale chini kabisa, imepigiwa mstari mara mbili: mabuti ya mpira, jozi moja, namba tisa, ya baba mkwe, yaletwe kabla mkwe hajaja kusalimia.