Kimondo Kwenye Mpaka wa Chai

Jiwe lilianguka kwetu Kimulot mchana kweupe, tukiwa tunachuma chai. Kwanza mvumo, halafu kishindo, halafu mbwa wote wakaanza kelele. Mimi nilijitupa chini na kikapu changu mgongoni. Niliogopa, sitadanganya.

Baba mdogo hakuogopa. Kabla vumbi halijatulia alikuwa ameshafukua jiwe jeusi, akalifunga kwenye koti na kwenda nalo kwake. Shimo lilikuwa kwenye mistari ya chai ya mama, ile ya mpakani. Jioni tukasikia anawaambia watu limeanguka kwake.

Hapo nikajua anachotafuta. Tangu baba afariki, huyu ndugu yake alikuwa anaimezea mate mistari ile. Mti wa mpaka aliukata mwenyewe, eti ulikuwa umeoza. Mama hakuwa na cha kuonyesha isipokuwa mdomo wake, na mdomo wa mjane, nani ausikilize? Ile mistari ikienda, chai inayobaki haitulishi.

Siku chache baadaye chifu alikuja na mtaalamu wa mawe kutoka Nairobi, mwanamke mpole mwenye buti kubwa. Akatueleza kwamba kimondo hupewa jina la mahali kilipopatikana, kama kile kikubwa cha Mbozi kule Tanzania, au kile cha Thika. Kwa hivyo mahali ni lazima pajulikane sawasawa.

"Hapa ni kwa nani?" akauliza, amesimama kando ya shimo.

"Kwangu," baba mdogo akasema, bila hata haya.

Nilitaka kumrukia. Mama akanifinya mkono. Majirani wakatazama viatu vyao. Yaani watu wazima, na kila mmoja anajua.

Baba mdogo akafungua gunia kwa madaha. Jiwe lilikuwa vipande vipande. Alikuwa amelipiga nyundo akitafuta dhahabu ndani.

Uso wa mgeni ukabadilika. "Nani amevunja hiki kitu? Na vipande vingine viko wapi?" Akamgeukia chifu. "Basi mwenye shamba atakwenda kueleza polisi."

Baba mdogo akarudi nyuma hatua moja. Akatutazama, akamtazama chifu, halafu akanyoosha kidole kwa mama.

"Kusema ukweli, shamba si langu. Mpaka wangu unaishia pale chini. Hapa ni kwa shemeji. Muulizeni yeye."

Polisi, na mama hajawahi hata kulishika lile jiwe.

Lakini mama akasogea mbele. "Chifu, umesikia hapa ni kwa nani?"

"Nimesikia. Na aliyevunja jiwe tunamjua, tutaongea naye."

"Basi kabla hamjaenda naye." Mama akachukua panga, akakata tawi na kulichonga ncha, akashuka hadi pale chini baba mdogo alipotaja kuwa mpaka wake. "Njoo ushike hapa, shemeji."

Baba mdogo akashika kigingi kwa mikono miwili, mbele ya watu wote, na mama akakigonga mpaka kikazama.